Mtoto wa Kadi na Dada Yake

Tarehe 4 Februari

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la karatasi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama bado yupo hapa kwangu, anakula vizuri na anagombana na televisheni kila taarifa ya habari. Miguu ndiyo inamsumbua akipanda ngazi. Shemeji yako anakusalimu. Watoto wangu wamepimwa macho wiki iliyopita, na yule mkubwa amepewa miwani. Tangu siku hiyo hataki tena kuosha vyombo, anasema yeye ni msomi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu naijua simu na nakujua wewe: nitasema, utaniambia nirudie, nitarudia, utakasirika, utakata.

Ni hivi. Watu wa chuo kikuu wamekuja shuleni kwetu. Wanatafuta sisi tulioandikishwa kwenye Bima ya Afya ya Watoto siku ile ya kwanza kabisa. Wanataka kujua baada ya miaka thelathini na mitano tumekuwa watu wa namna gani: nani alimaliza shule, nani anafanya kazi gani, nani anaumwa nini, watoto wetu wakoje. Na wanataka jozi, yaani ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja alipata kadi na mwenzake akaikosa kwa kuwa alikuwa ameshavuka miaka saba. Ndugu kama mimi na wewe.

Baraza linajadili kuifuta bima hiyo. Wengine wanasema imekula sana na haijazaa kitu. Majibu ya utafiti yatapelekwa kwao, na fomu zinarudishwa mwisho wa Juni. Ni kurasa nne tu, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nakuomba ujaze, Dada.

Mdogo wako


Tarehe 27 Februari

Kwako Mwalimu,

Salamu zako zimefika zikiwa zimekunjwa vizuri kama shuka za wodini. Mimi ni mzima, kikohozi pia ni kizima. Hapa kiwandani tunachapa vitabu vya hesabu vya darasa la nne, na juzi nimekuta pembetatu yenye pembe nne. Nilipomwonyesha mpangaji kurasa akaniambia, "Bibi Nukta, nani ataihesabu?" Nikamjibu, "Mtoto wa darasa la nne, bwana, ndiyo kazi yake." Msalimie Mama. Mwambie televisheni haimsikii, lakini aendelee.

Sasa hizo kurasa nne. Unataka niwe nusu mbovu ya jozi yako.

Naiona fomu hiyo kama ninayo mkononi. Upande mmoja wewe: mwalimu, mke wa mtu, meno yote mdomoni, watoto wawili wenye miwani. Upande wa pili mimi: sikio la kushoto halipo, mume aliondoka akidai sijibu akiniita, kazi ya kusoma makosa ya watu wengine chumba cha nyuma. Watachora mistari miwili, mmoja unapanda na mwingine unalala chini, na watapiga makofi ambayo mimi nitayasikia upande mmoja.

Tuanze mwanzo basi, maana kwenye fomu hakutakuwa na nafasi. Masikio yalituuma msimu mmoja, kitanda kimoja, mto mmoja. Wewe ulipewa matone na vidonge kwa kadi yako ya siku chache. Mimi nilitiwa mafuta ya moto na pamba. Mama akaanza kuniibia matone yako, mawili asubuhi, mawili jioni, yakaisha kabla ya siku zake. Nesi akauliza yamekwenda wapi. Nawe, na miaka yako minne, ukapaza sauti nzuri ya mtoto mkweli: "Dada ameyamaliza!" Chupa ya pili hatukupewa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda kupimwa afya ili niingie chuo cha ualimu. Tabibu alisimama nyuma yangu, akaniziba sikio zima kwa kidole, akanong'ona namba. Nilisikia pumzi tu. Nikabahatisha: "Sabini na mbili." Akaandika. Miaka miwili baadaye ulisimama mahali pale pale ukaisikia namba yako. Kazi unayofanya niliitaka mimi kwanza.

Nawaambia hao wa chuo kikuu jambo moja bure, bila fomu. Dawa ni sehemu ndogo ya ile kadi. Kitu kikubwa ilichokupa ni tabia ya kutarajia. Wewe unakwenda kutazamwa jino kabla halijauma! Wanao wanapimwa macho kabla hawajalalamika. Binti yangu aliponiambia haoni ubaoni nilimwambia akae mbele. Na kadi alikuwa nayo, mdogo wangu. Ilikaa kabatini hadi muda wake ukapita, kwa sababu mimi sikujua kwamba mtu huenda hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake. Hilo nalo walichore.

Sijazi.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Tumeipata barua yako, wote tuko salama. Mama ameniomba nimsomee. Nimemsomea mahali pa pembetatu, akacheka. Mahali pengine nimeparuka.

Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka nesi alikuwa na kalamu nyekundu na nilitaka anipende. Nimeshakuomba msamaha kwa hilo mara ngapi? Nakuomba tena, lakini siwezi kuwa na umri mwingine siku ile.

Halafu kuna kitu ambacho hujawahi kuniuliza. Darasani nina watoto arobaini na watatu. Kila mwanzo wa muhula huwa nasimama nyuma ya kila mmoja wao na kunong'ona jina lake. Wenzangu ofisini wananicheka, wanasema mwalimu amepatwa na mashetani. Mwaka huu wawili hawakugeuka. Niliwaita wazazi, wakaenda na kadi zao, na mmoja ameshapona kabisa. Nilijifunza kwa nani kunong'ona? Kadi ikifutwa, nitanong'ona ili iwe nini? Nijue tu nani ataketi chumba cha nyuma?

Unaandika kuhusu wivu kana kwamba una hatimiliki yake. Siku moja nitakuandikia na mimi. Leo nakuomba kurasa nne.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mwalimu,

Salamu kwa wote. Mvua imeingia stoo ya karatasi na tumeshinda siku mbili tukianika vitabu vya jiografia kama nguo. Mabara yote yamevimba.

Sikuwa najua habari ya kunong'ona. Ungeanza na hiyo ungeokoa stempu.

Nitajaza. Lakini nitajaza kwa mdomo wangu, wasinipange. Nataka waandike kwamba siku ile ya kuandikishwa nilikuwa na miaka saba na miezi minne. Kwamba mtu fulani ofisini, mwenye rula na chai mkononi, alipiga mstari kwenye saba, na mimi nikaanguka nje kwa miezi minne. Akili gani inasema sikio la mtoto wa miaka sita lina thamani na la miaka saba halina? Mstari kama huo ukipigwa kwenye kitabu ninaukata. Baraza wakitaka kufuta, wafute mstari, wasifute kadi. Nimeshaanza kuandika, na nimefika ukurasa wa sita.

Kwangu cheti cha kuzaliwa hakipo, kilibaki kwenye sanduku la Mama. Nitumie nakala. Na umuulize Mama kitu kwa niaba yangu: siku ile alisimama mezani muda mrefu sana bila kusema neno, mimi nimeshika gauni lake huku na wewe huku, halafu akakuandikisha wewe peke yako. Alikuwa anafikiri nini? Mimi nimekuwa na jibu langu miaka yote hii. Jibu langu ni kwamba alikuwa anatupima.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada mpendwa sana,

Natumaini hujambo kabisa, pia natumaini binti yako hajambo huko kazini kwake, na majirani zako wote, na yule mpangaji kurasa, na wenzako wa mashine. Sisi huku hatujambo sana. Mama hajambo. Shemeji yako hajambo, amebadilishiwa zamu. Watoto hawajambo. Hali ya hewa ni nzuri, mvua zimepungua, asubuhi kuna ubaridi kidogo lakini jua likitoka hali huwa nzuri. Shuleni mambo ni mazuri. Wamepaka rangi madarasa mawili.

Kuhusu ule utafiti, nimefikiri naona tuuache. Sanduku la Mama limejaa makaratasi ya zamani na cheti chako hakionekani. Hao watu wana jozi za kutosha. Usijisumbue.

Mdogo wako akupendaye


Tarehe 20 Mei

Wewe,

Hatujambo sote, hata yule mpangaji kurasa, umeniponza nimemsalimia.

Nimesoma maandishi ya watu kwa miaka ishirini. Mtu anayeficha kitu huongeza salamu. Umeniandikia mistari saba ya hali njema na mitatu ya uongo. Mwezi Machi ulinililia nijaze, mwezi Mei wana jozi za kutosha?

Nini kimo ndani ya sanduku?

Dada yako


Tarehe 3 Juni

Dada,

Tuko wazima.

Cheti chako hakimo. Kuna kadi yako ya kliniki, ile ya kupimia uzito ulipokuwa mchanga. Imeandikwa kwa wino wa bluu, na tarehe yake ya kuzaliwa ni siku ile ile na mwezi ule ule unaoujua. Mwaka ndio sio. Umezaliwa mwaka mmoja baadaye, Dada. Una miaka arobaini na mmoja, huna arobaini na miwili. Siku ya kuandikishwa ulikuwa na miaka sita na miezi minne. Kadi ilikuwa haki yako.

Nilimuuliza Mama. Kwanza alisema nesi alikosea. Siku ya tatu akaniita jikoni akanieleza. Ulipokuwa na miaka mitano alikupeleka shule, na shule ilikuwa haipokei chini ya sita. Akakuongezea mwaka mmoja, wewe mwenyewe hukuambiwa. Mwaka uliofuata bima ikaja, na uandikishaji ukafanyiwa pale pale shuleni. Aliyekaa mezani alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, na daftari la wanafunzi limefunguliwa mbele yake. Mama angesema umri wako wa kweli angekupatia kadi, na mwalimu mkuu angekutoa darasani kwa ule uongo. Ndiyo maana alisimama vile. Alikuwa hapimi mtoto gani anampenda. Alikuwa anachagua kati ya darasa lako na kadi yako.

Nilikaa na jambo hili wiki nne. Ukidhani nilikuwa naogopa utaumia, unanipa sifa nisiyostahili. Mimi niliona wivu.

Ndiyo, mimi, mwenye masikio mawili. Mama hajawahi kudanganya mtu maishani. Akirudishiwa chenji iliyozidi dukani hurudi nayo. Kwa ajili yako alidanganya shule, akadanganya serikali, akanyamaza miaka thelathini na mitano. Mimi nilizaliwa, nikaandikishwa tarehe yangu, nikaanza shule wakati wangu, nikaugua, nikapona. Hakuna aliyenidanganyia umri. Ulipolala na sikio lako Mama alikuwa anakaa nawe na kukusomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata ya kufungia sabuni, na mimi nimesimama mlangoni, mzima, natumwa chumvi. Mpaka leo kila hadithi yake ya zamani wewe umo ndani. Mimi nimo kama yule "na mdogo wake".

Ndiyo barua niliyosema nitakuandikia. Fomu naiambatanisha. Nimewauliza wale watafiti kwa mfano wa mtu mwingine. Ukiandika mwaka wa uongo, sisi ni jozi safi kabisa. Ukiandika wa kweli, tunatolewa, kwa sababu wewe hukukosa kwa umri. Kadi ya kliniki nayo imo humu. Fanya unavyoona.

Mdogo wako


Tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini kwenye kituo cha kusahihishia mitihani wanawapa chai safari hii. Nakuandikia huko kwa sababu nimetoka nyumbani kwako na hukuwepo. Shemeji alinifungulia mlango akashtuka kama ameona askari. Watoto hawajambo. Msomi wako ameniuliza kwa nini nageuza shingo kama kuku mtu akisema nami. Nimempa jibu refu.

Nilikuja nikiwa nimejaa maneno, Mwalimu. Nimeyapanga ndani ya basi kwa aya. Ile barua yako niliisoma mara ya kwanza nikavunja kikombe, na sikukivunja kwa bahati mbaya. Miaka yote nimepigana na mwenye rula ofisini! Nimeandika kurasa sita dhidi yake! Na rula ilikuwa nyumbani kwetu, kwenye mkono ulionisuka nywele.

Mama alikuwa ameketi dirishani. Nilivuta kiti, nikamwambia, "Mama, una miaka mingapi ya kwangu?"

Hakujifanya hajaelewa. Akasema, "Mmoja."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unasoma vibao vya maduka kwa sauti, njia nzima, watu wanageuka. Ningekuweka nyumbani mwaka mzima ufanye nini? Uwasomee kuku?"

"Na sikio, Mama?"

"Nilidhani litapona. Masikio ya watoto yalikuwa yakipona." Halafu akasema neno ambalo sikuwa nalo kwenye aya zangu: "Shule nilikuwa naijua. Nilishaona watu waliotoka humo. Hiyo kadi ilikuwa na siku moja duniani. Nani angeniambia itafika mwezi wa pili? Niliyaona mengi yaliyotangazwa kwa ngoma na kuondolewa kimya kimya. Nikashika nilichokijua. Wewe ungeshika nini?"

Zile aya za basi nikaziacha humo humo ndani ya basi.

Fomu nimeijaza kwa mwaka wa kweli. Huwezi kunilipa miaka ishirini nikate makosa ya watu halafu niache langu kwa sababu linanipendeza. Nilikwenda nayo mwenyewe mpaka ofisini kwao. Binti wa utafiti, mpole, kalamu sikioni, aliangalia kadi ya kliniki akasema, "Samahani mama, basi ninyi mnatoka." Nikamwuliza, "Ni wazazi wangapi waliongeza umri wa watoto ili waingie shule?" Hakujua. Hawakuwahi kuuliza. Nikaomba kiti. Kurasa sita nimezichana, nikageuza fomu nikaandika nyuma yake aliyoyasema Mama: kwamba ahadi ya mwaka mmoja mmoja haiaminiki hata ikiwa ya bure, na baraza likiijadili kadi kila linapokosa la kufanya, kuna mama amesimama mezani sasa hivi anachagua kitu kingine. Binti akasoma, akaita mwenzake, naye akasoma. Sijui watayafanyia nini. Wamebaki na anwani yangu na wanasema wataongeza swali.

Sasa yetu. Mama alipokuwa anasema habari ya vibao nilifurahi. Nakuambia hivi hivi bila kupamba. Sikio limekwenda, chuo kimekwenda, na mimi nimekaa pale nimefurahi kwamba siku ile mezani alikuwa ananifikiria mimi. Nilikuonea wivu kwa siku hiyo maisha yangu yote, na kumbe ilikuwa yangu. Kwa meno yako na kwa darasa lako bado nakuonea, usidhani nimepona.

Halafu nikakumbuka ulivyoandika. Nikamwambia Mama, "Nipe kitu cha utoto wa mdogo wangu." Akasema, "Yule? Yule hakunisumbua." Nikamwambia hilo si jibu, afikiri tena. Akafikiri. Akaanza hadithi, nikamkatiza, maana nilikuwa nimeshaingia humo mstari wa pili. Akaanza nyingine, nimo. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama ukuta.

Mwisho akacheka peke yake. Akasema siku uliyotoka kliniki mara ya mwisho, umepona, ulichukua faneli ya mafuta ya taa ukapita nyumba kwa nyumba unapima masikio ya majirani. Watu wazima walikuwa wanainama mlangoni, wewe unachungulia, unawaambia kwa sauti ya daktari, "Rudi kesho." Mzee wa nyumba ya kona alirudi kweli. Mama alikufuata mtaa mzima kwa mbali, na hakukuita, kwa sababu alitaka kukutazama.

Nimemuuliza mara mbili mimi nilikuwa wapi. Shuleni, akasema. Sikuwepo kabisa. Nimehakikisha. Ni yako.

Dada yako